Kipimo Kilichowekwa Ndani

4 Machi

Wifi yangu Mama Pacha,

Barua yako imefika, na asali imefika nusu chupa. Mwambie dereva wa lori la vipuri kwamba nimemsamehe kwa mara hii tu. Mimi ni mzima, ukiacha macho, maana nashinda mbele ya skrini mpaka watu wa usafi wananifagia miguu pamoja na sakafu.

Unauliza kwa nini nimeacha kupiga simu. Si wewe uliyeniambia kwamba simu ya kambi inapitia kwa yule dada wa mtambo, na kila tunalosema asubuhi linajulikana bombani kabla ya mchana? Afadhali karatasi. Halafu hapa ofisini nikisema nimepata barua ya wifi, wenzangu wanauliza nywila yake ni ipi. Nimechoka kuwaeleza.

Sasa kazi yenyewe. Kampuni yetu ndiyo iliyoandika programu inayosoma gesi kwenye mgodi wenu. Vile visanduku vyeupe vilivyofungwa chini kwenye njia vinanusa hewa na kutuma namba juu. Programu inazisoma, na namba ikipanda inapiga king'ora na kuziongeza feni kasi. Imeandikwa kwa Java, lugha moja ya kompyuta, na programu za Java zina tabia moja: zikimaliza kutumia kitu hazikirudishi mahali pake. Zinakiacha hapohapo, kama wewe na vikombe vyako vya chai. Vitu vinarundikana kwenye kumbukumbu ya kompyuta, halafu anapita mfagiaji, ambaye ni sehemu ya Java yenyewe, anakusanya visivyotakiwa tena. Mimi kazi yangu ni kupima. Programu inakula kumbukumbu kiasi gani, na inaitumikisha kiasi gani prosesa, yaani ule moyo wa kompyuta. Kuna wateja wamelalamika kwamba skrini zinaganda kidogo, na Meneja wetu anataka grafu za kuwatuliza.

Kipimo changu nimekiandika mwenyewe na kukiweka ndani ya programu ya mgodi wenu. Kila baada ya muda kinaiuliza, umetumia kiasi gani, kisha kinaniandikia huku ofisini. Napata mistari miwili, mmoja wa kumbukumbu, mmoja wa prosesa. Mpaka sasa imetulia vizuri tu.

Kaka yangu yu hali gani? Bado anahesabu boliti stoo? Mwambie naishukuru hiyo stoo kila siku. Najua nawachosha kwa kulirudia hili, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkono wa Mama siku Baba alipotolewa chini mgodini amefunikwa blanketi. Mtoto wa kiume wa nyumba ile asishuke tena. Aliapa mbele yetu.

Nibusie pacha, kila mmoja shavu lake wasije wakagombana.

Shangazi yao

*

11 Machi

Wifi,

Vikombe vyangu viache. Nani alilala kwangu mwezi mzima akiniachia taulo mlangoni?

Pacha wazima. Mmoja ameng'oka jino, mwenzake analia kwa nini lake halitoki. Kaka yako yupo, anakusalimu. Stoo ni stoo.

Nina swali, si langu, ni la jirani yangu. Mume wake anafanya kazi chini, njia ya nne. Wiki iliyopita mume huyo na wenzake walipanda juu vichwa vinawapasuka. Wawili walitapika palepale getini. King'ora hakikulia. Kilikuja kulia baadaye, wenyewe wakiwa wameshakaa nje wanakunywa maji, kikalia kama mtu aliyeshtuka usingizini. Afisa Usalama akawaambia skrini yake ilikuwa ya kijani muda wote, labda wamekula kitu kibaya.

Tangu siku ile hawashuki. Wamekaa getini juu ya ndoo, kazi imesimama. Kuna mmoja anaendesha winchi, ile mashine ya kuvuta mawe huko chini, wote wanamwita Mtani kwa sababu hajui kunyamaza. Yeye kamwambia Afisa Usalama ashuke na kiti chake, meza yake na hiyo skrini ya kijani, afanyie kazi huko chini, wao watabaki juu kumwangalizia king'ora. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeinuka kwenye ndoo.

Jirani anauliza: hiyo programu yenu inaweza kunyamaza wakati gesi ipo? Mume wake anataka kusikia kutoka kwa mtu anayeijua. Nimemwambia wifi yangu ndiye mwenye kuipima. Nilijivuna kidogo, unisamehe.

Mama Pacha

*

15 Machi

Wifi,

Mpe pole jirani yako, na umsomee hapa.

Nimeipima programu hiyo kwa mikono yangu, usiku na mchana, pamoja na siku ile waliyougua. Grafu zote ziko mbele yangu ninapoandika. Kumbukumbu kwa wastani haijafika hata robo tatu. Prosesa nayo haitumiki hata sehemu ya tano. Programu iliyoganda ningeiona, mstari ungepanda kama ukuta. Mstari wangu haujapanda. Taarifa nimeshaimaliza na kuisaini, na Meneja ameisifu mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote kwenye chumba hiki.

Kwa hiyo vichwa vinavyouma huenda ni moshi wa baruti, au maji wanayokunywa. King'ora kulia peke yake ni hitilafu ya nyaya, fundi umeme ataitafuta. Mwambie mume wa jirani ashuke bila wasiwasi. Ningekuwa na ndugu yangu huko chini ningemwambia hivyohivyo.

Shangazi wa pacha

*

24 Machi

Wifi,

Barua yako imefanya kazi kuliko ulivyodhani.

Niliisoma nyumbani, kisha Baba Pacha akaichukua, akaenda nayo getini, akawasomea wenzake wote kwa sauti. Alipofika pale uliposema ungekuwa na ndugu yako huko chini ungemwambia hivyohivyo, alirudi nyuma akausoma tena mstari huo. Mtani ndiye aliyesimama wa kwanza. Akapiga ndoo yake teke, akasema mwanamke anayejua kupima moyo wa kompyuta hawezi kushindwa kuujua moyo wake mwenyewe, twendeni. Wakashuka wote.

Keshoye Afisa Usalama akabandika taarifa yako getini, imewekwa ndani ya plastiki, na sahihi yako chini. Kila anayeingia anaigusa. Nami nikipita naiangalia. Sahihi yako haijabadilika tangu shule.

Kazi imerudi na wanashinda chini siku nzima kufidia muda uliopotea. Juzi Baba Pacha aliporudi juu alikaa kizingitini na buti zake za matope nusu saa nzima bila kuzivua. Nikamuuliza kichwa? Akasema kichwa kidogo tu, ni uchovu. Pacha walimvua wao, kila mmoja buti yake.

Jirani anakushukuru sana.

Mama Pacha

*

31 Machi

Wifi,

Hii soma ukiwa peke yako, kisha ufanye ninachokuomba hapohapo, hata kama chungu kiko motoni.

Nimekosea.

Jana Meneja aliniagiza nichapishe zile grafu kwa ukubwa wa ukutani, azipeleke kwa wateja wengine. Nikazikuza. Mstari uliokuwa laini ukawa nukta nukta, na kila nukta ina saa yake. Nikaona nukta mbili zimekaa jirani, moja ya saa nne kasoro dakika tano, inayofuata ya saa tano kasoro robo. Katikati hakuna kitu. Kompyuta ilikuwa imezichukua hizo nukta mbili na kuzichorea mstari ulionyooka. Nikarudi nyuma nikaangalia siku waliyotapika. Pengo lingine. Nikatafuta mengine nikayaona, na yanazidi kurefuka kadiri programu inavyokaa bila kuzimwa.

Nikueleze kwa nini. Programu hii inashika kila namba ya gesi iliyowahi kuisoma na haiiachii. Kumbukumbu ikijaa, mfagiaji anawasimamisha wote ili afagie. Kila kitu kinasimama: kusoma gesi, king'ora, amri za feni. Na kipimo changu, wifi, nilikiweka ndani. Nacho kinasimama. Programu ikizimia, kipimo kinazimia nayo, na zikizinduka pamoja kinaniandikia kwamba hali ni njema. Wiki zote hizi nilikuwa namuuliza aliyelala kama amelala.

Leo asubuhi nimeweka kipimo cha pili nje ya programu, kwenye kompyuta yenyewe. Prosesa inachemka mpaka mwisho, na si kwa kusoma gesi. Inafagia tu. Inafagia, inakuta kila kitu bado kimeshikwa, inaanza upya.

Nikaenda kwa Meneja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama wastani umebadilika. Nikasema wastani haubadiliki kwa sababu mapengo hayahesabiwi. Akasema, "Basi taarifa ni sahihi. Na iliyosaini ni wewe." Programu itazimwa na kuwashwa upya wakati wa matengenezo, mwisho wa mwezi ujao. Nikapiga simu ya kambi bila kujali masikio ya mtu. Dada wa mtambo akaniambia mambo ya usalama ni lazima yapitie kwa Meneja wangu, akakata. Baada ya chakula cha mchana kadi yangu ya mlangoni haikufungua mlango.

Sasa sikiliza. Kwenye skrini ya Afisa Usalama, chini ya namba kubwa ya kijani, kuna saa ndogo. Hiyo ndiyo saa ambayo programu ilisoma gesi kwa mara ya mwisho. Ilinganishwe na ya ukutani. Zikipishana, hiyo kijani ni ya zamani, na watu watoke, wote, bila kungoja king'ora. Feni zinabaki na mwendo ule ziliokuwa nao programu ilipozimia. Dereva anaondoka jioni hii na ameniahidi hatalala njiani.

Jambo la pili. Umeandika "Baba Pacha aliporudi juu." Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imelainika. Nani anarudi juu kutoka stoo? Huna jirani, wifi. Niambie huna.

Dada yake

*

6 Aprili

Wifi,

Sina jirani. Stoo ilipunguzwa watu mwezi wa kumi na mbili. Kaka yako aliambiwa achague, chini au nyumbani. Akaniapisha nisikwambie, wala Mama asijue, mpaka apate kazi nyingine. Nikaapa. Kila nilipokuandikia neno stoo nilikuwa naona uso wako. Ningesema kweli tangu mwanzo, sijui, labda usingeandika ile barua kirahisi vile. Au ungeandika hivyohivyo, kwa kuwa uliamini. Nimelala na hilo mara nyingi, halina mwisho.

Nikueleze ilivyokuwa.

Dereva alinipa barua yako mlangoni, bado injini inanguruma. Baba Pacha alikuwa chini tangu alfajiri. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye saa ndogo sikuendelea, nilikimbia. Nilikuwa na ndala za bafuni na kanga moja, pacha nimewaachia dereva kwenye lori. Mlinzi wa geti alinijua, akaniacha nipite kabla hajajua anafanya nini.

Afisa Usalama alikuwa anashona kifungo cha shati lake. Si mtu mbaya, wifi, nataka ulijue hilo. Akaniambia nitulie, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Kijani kabisa, na namba ndogo nzuri. Nikamwambia aangalie saa iliyo chini ya namba. Akasema ni saa tatu na dakika kumi. Nikamwambia, "Na ya ukutani?"

Aligeuka. Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu.

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu hivyo. Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye shati alipochukua simu ya chini. Njia ya kwanza waliitika. Ya pili na ya tatu wakaitika. Ya nne simu iliita mpaka ikachoka.

Alishuka yeye mwenyewe na watu wa uokoaji, na vinyago vya kupumulia, na kifungo chake kikiwa kinaning'inia. Feni zilikuwa bado zinazunguka kwa ule mwendo wa asubuhi, polepole, kama hakuna mtu. Mimi nilikaa juu ya ndoo moja ya zile. Wanawake wakaja mmojammoja bila kuambiwa, wakakaa juu ya zilizobaki. King'ora kikalia tukiwa pale. Kililia peke yake, kwa nguvu, na ile skrini iliyoachwa mezani ikawa nyekundu, wakati aliyepaswa kuitazama ameshashuka chini.

Walitolewa. Kaka yako alitoka wa tano, amebebwa, anapumua. Yuko zahanati, ameanza kunijua na kunywa uji. Haongei sana, lakini jana alimwambia mtoto asichezee mpira wa dripu, nikalia kwa furaha.

Mtani hakutoka hai. Wanasema alikuwa amekaa kwenye winchi yake, ameshika mpini, kama anayepumzika kidogo kabla ya kuendelea na hadithi. Mke wake anakaa mlango wa pili kutoka kwangu. Ndiye jirani yangu sasa, wa kweli. Hakuniuliza kitu, ananishika tu mkono. Ningependa aniulize.

Taarifa yako ilitolewa getini siku ileile. Hatukuona nani aliyeitoa. Jana walikuja wanasheria wa mgodi na wa kampuni yenu kwa gari moja. Wamesikia kuna barua zilizosomwa, wanazitaka kabla ya uchunguzi wa serikali kuanza. Walikuwa wapole sana. Waliniambia barua yako ya tarehe kumi na tano itawasaidia kuelewa. Hiyo tu, nyingine hawazijui. Nikiwapa hiyo, watasema mtaalamu mwenyewe aliwatuma watu chini. Nikichoma zote, watasema mimi ni mwanamke niliyekimbia na ndala kwa ndoto. Nimewaambia nimezisahau kwa mama mkwe. Watarudi baada ya siku tano.

Sema nifanye nini. Jiko linawaka.

Mama Pacha

*

8 Aprili

Wifi yangu,

Zima jiko.

Usiwape wale wa gari moja hata bahasha. Wasubiri wachunguzi wa serikali, uwape zote kwa mkono wako, yangu ya tarehe kumi na tano ikiwa juu. Nataka waanzie hapo. Wakiona nimeificha hiyo hawataamini ya tarehe thelathini na moja, na hiyo ndiyo yenye pengo, na maneno ya Meneja, na saa ndogo. Grafu zote mbili, ya ndani na ya nje, nilizitoa ofisini chini ya sweta kabla kadi haijafa. Nitazileta mwenyewe. Kuhusu sahihi yangu wasiumize kichwa. Ni yangu.

Kwa mke wa Mtani nitakuja niketi chini mbele yake. Usimwandae, na usinitetee.

Kwa kaka yangu sina la kuandika. Mwambie nimekasirika sana, na nikifika nitamlisha uji mimi.

Mama amejua. Nilimweleza jana jikoni kwake. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama mwanawe alitoka amefunikwa au uso wazi. Nikamwambia uso wazi, Mama. Akaendelea kuosha sahani ileile.

Sasa nikwambie lililonifanya nichelewe kukujibu. Mwenzangu mmoja wa ofisini amenipitia nyumbani kwa siri. Programu ya kwenu wameizima na kuiwasha upya, mistari imenyooka tena, na Meneja anaionyesha kwa watu kama ushahidi kwamba tatizo limekwisha. Hawakurekebisha kitu. Imeanza tu kushika namba upya. Na ipo kwenye migodi mingine mitatu. Huko haijaguswa, haijawahi kuzimwa tangu ilipofungwa. Wamepelekewa taarifa yangu ileile, jina la mgodi likiwa limebadilishwa, na sahihi yangu chini. Nadhani nako imebandikwa getini, ndani ya plastiki, na watu wanaigusa wakipita.

Nimepiga simu kwenye migodi yote mitatu. Kote wanasema ujumbe wa usalama upitie kwa Meneja wangu. Ofisi ya wizara imenipa miadi ya wiki ijayo.

Kwa hiyo nimekaa na karatasi tatu na bahasha tatu. Madereva wa vipuri wapo, yule wetu ananitafutia wenzake. Habari za saa ndogo najua kuziandika, ni mistari mitatu tu. Lakini kila karatasi nimeandika "Ndugu," nikakwama hapo, maana sijui bahasha niandike jina la nani, wala nani atakayeisoma amesimama mlangoni na kutoka mbio na ndala za bafuni.

Huko sina wifi.

Shangazi wa pacha